Kasha la Mwalimu Mbuke

Mwalimu Mbuke Limbu alikuwa ametoka shule, amekula viazi vyake vya kuchemsha, ameketi kuandika, mlango ulipogongwa kwa nguvu. Hakuwa amefika hata nusu ya ukurasa. Alifungua akamkuta Mzee Filemoni, mwenye nyumba, nyundo bado mkononi.

"Mwalimu," alisema Filemoni, "hiyo mashine yako inatusumbua."

Mbuke aliitazama nyundo. Filemoni alikuwa fundi bati. Uani palepale, mbele ya vyumba vya wapangaji, alikata madebe na kuyagonga kuwa ndoo, vibatari na makarai, tangu asubuhi watu wakipiga mswaki hadi jua linapozama nyuma ya mlima. Nyumba nzima pale Mwanjelwa, mjini Mbeya, iliamka kwa nyundo hiyo.

"Na nyundo yako, mzee?"

"Nyundo ni kazi."

"Na hii?"

Filemoni alichungulia ndani. Taipureta ilikuwa mezani, kubwa, nyeusi, nzito kama cherehani. "Hiyo ni kelele," alisema. "Isakwisa naye amelalamika. Akitoka zamu anataka kupumzika."

Isakwisa alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, mfanyakazi wa reli. Alikuwa na redio ambayo aliifungua hadi mwisho wake, taarifa ya habari ikasikika hadi kwenye kilabu cha pombe ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyewahi kumgongea mlango.

"Sipigi usiku," alisema Mbuke. "Napiga mchana, watu wote wako macho."

"Mwalimu, sitaki maneno mengi. Tafuta namna ya kuinyamazisha, au tafuta chumba kingine."

Akaondoka. Haukupita muda nyundo ikaanza tena, ko, ko, ko, na Mbuke akaufunga mlango kwa hasira.

Ile taipureta hakuipata kirahisi. Chama cha ushirika kilipovunjwa mwaka uliopita, vitu vya ofisi yao viliuzwa kwa mnada, na baba yake, Mzee Limbu, aliuza ndama wake mmoja kule Usangu ili binti yake ainunue. Mbuke alikuwa anaandika riwaya. Ilikuwa habari ya bibi yake, mama yake Limbu, aliyetoka Usukumani na ng'ombe na watoto, akatembea nchi nzima hadi mbuga za Usangu. Kwanza Mbuke aliiandika kwa kalamu, akaipeleka kwa wachapishaji Dar es Salaam. Wakamrudishia, wakasema mswada wa mkono hawasomi, aupige taipu. Sasa ameupata mtambo wa kupigia taipu, anaambiwa aunyamazishe.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukosea lolote. Kodi alilipa, ua alifagia zamu yake, watoto wa nyumba ile aliwafundisha kusoma bila kuombwa. Angekuwa mwanamume mwenye mashine ile, wangemwita karani na kumwamkia kwa heshima. Lakini ni yeye, mwanamke asiye na mume, aliyejifungia na kuandika mambo yasiyojulikana, na kila herufi aliyoipiga ilikuwa kama inawapiga wao kichwani.

Hata hivyo vyumba vilikuwa adimu, na mwaka wa shule ulikuwa katikati. Akameza hasira yake, akafikiri.

Akakumbuka kitu. Zamani, alipokuwa chuo cha ualimu Iringa, alitumwa kupeleka barua katika ofisi moja, akaona mashine ya maandishi imefunikwa kasha lenye sponji ndani. Mashine ilikuwa inafanya kazi, herufi zinaruka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama panya ndani ya gunia. Likizo ya Juni ilipofika, alipima taipureta yake kwa uzi wa katani, akafunga fundo kwenye urefu, fundo kwenye upana, fundo kwenye kimo, akapima na meza. Meza yake ilikuwa ndogo; hapo hapo alisahihishia madaftari, hapo hapo alilia chakula. Kasha likiwa kubwa, angekula sakafuni. Akauweka uzi mfukoni, akaenda Iringa.

Duka la Kantilal lilikuwa mjini, chini ya soko. Liliuza karatasi, wino, mihuri na vyombo vya ofisi, vipya na vya zamani. Kantilal mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, na mkewe, Kokila, ndiye aliyeshika kaunta.

"Kasha la kufunika taipureta?" Kantilal aliuliza. "Yapo. Ofisi gani imekutuma, mama?"

"Hakuna ofisi."

"Ni ya mumeo?"

"Ni yangu," alisema Mbuke, kwa sauti iliyomfanya Kokila ainue kichwa. "Mashine yangu, mikono yangu, kitabu changu. Niulize kuhusu kasha, Mzee Kantilal. Nimekuja kwa ajili ya kasha."

"Mwanamke anauliza kasha, wewe unauliza mume," Kokila alimwambia mumewe. "Mtolee."

Kantilal akacheka kwa aibu, akaingia stoo. Alitoa makasha matatu, yote yametoka katika ofisi zilizofungwa. La kwanza lilikuwa kubwa mno. Mbuke alilipima kwa uzi wake akatikisa kichwa, maana lingeenea meza nzima na kubakiza mahali pa kikombe tu. La pili lilikuwa la bati jepesi, limepakwa rangi ya kijivu, zuri kulitazama. La tatu lilikuwa la mbao, limechakaa, mfuniko wake una dirisha la kioo la kuonea karatasi, na mbele lina nafasi ya kupitishia mikono. Ndani lilibandikwa sponji iliyofunikwa kitambaa cha sufu.

"Chukua la bati," alisema Kantilal. "Jepesi. Utalibeba mwenyewe."

"Nataka kulisikia kwanza."

Wakaweka taipureta ya dukani ndani ya kasha la bati. Kokila akaketi kupiga, na Mbuke akatoka nje akasimama barazani. Alirudi mara moja. Bati lilikuwa limeichukua kila herufi likaivumisha. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya paa. Kelele ya bati alikuwa nayo tayari nyumbani, ya Filemoni.

Wakahamishia mashine ndani ya kasha la mbao. Mbuke akatoka tena, akasubiri, akaona Kokila hajaanza. Akachungulia mlangoni.

"Mbona hupigi, mama?"

"Napiga," alisema Kokila, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia kweli.

Mbuke akasogea, akainamisha sikio. Ikasikika sauti laini, ya mbali, kama mtu anayepukuchua mahindi katika nyumba ya jirani. Akapima kwa uzi. Kasha lingeingia mezani kwake na nafasi ya daftari na sahani ingebaki. Lilikuwa zito na bawaba moja ilikuwa imelegea, lakini hakuhangaika na hayo. Kokila mwenyewe akaikaza ile bawaba, kisha akauliza, "Kitabu kinahusu nini?"

"Bibi yangu."

"Vizuri," alisema Kokila. "Bibi zetu hawakuandikwa." Akalifunga kasha kwa kamba ya mkonge.

Mbuke alirudi Mbeya na mzigo wake, akauweka mezani, akaingiza mashine ndani. Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Esta, mke wa Isakwisa. Esta ndiye rafiki yake pale uani. Walipokuwa wakifua pamoja bombani, Mbuke alikuwa akimsimulia habari za bibi yake kipande baada ya kipande, na Esta alikuwa haachi kuuliza kilichofuata.

"Simama nje ya mlango," Mbuke alimwambia. "Ukisikia, sema."

Esta akasimama. Baada ya muda akaita, "Dada, anza basi, baridi inaniua!"

"Nimemaliza ukurasa," Mbuke akajibu kutoka ndani, na wote wawili wakacheka hadi wakashikilia ukuta.

Siku zilizofuata Mbuke aliandika mchana na usiku, kama hajawahi kuandika. Kitabuni bibi yake alifika kwenye mto uliofurika, mtoto mgongoni, ng'ombe wakikataa maji. Uani nyundo iligonga, redio ilinguruma, na yeye ndani hakusumbua mtu.

Ndipo watu walipoanza kunyamaza akipita. Mwanzoni hakutilia maanani. Halafu mama mmoja aliyezoea kuja kumwomba chumvi akasema anayo yake, asante. Halafu watoto wakaacha kuja kusoma.

Jumamosi moja, mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Filemoni, safari hii bila nyundo, amevaa koti lake la mikutano, kwa maana yeye pia ndiye aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi. Nyuma yake alisimama Isakwisa. Nyuma ya Isakwisa ua mzima ulikuwa umejaa watu wanaojifanya wanaanika nguo.

"Mwalimu," Filemoni alianza, "kuna jambo watu wanauliza. Unaandika nini humo?"

"Kitabu. Mnajua tangu zamani."

"Zamani tulikuwa tunasikia. Mtu akipiga mashine waziwazi, tunajua anapiga. Sasa hatusikii kitu. Tunaona mwanga wa taa dirishani, tunaona umeinama, na kimya." Alishusha sauti. "Sasa hivi nchi ina maadui. Kuna majasusi. Wengine wanasema unaandika majina ya watu. Nani ana sukari ya magendo, nani amesema nini kilabuni."

Mbuke hakuamini masikio yake.

"Mzee Filemoni," alisema polepole, "wewe ndiye uliyesimama hapa ukaniambia niinyamazishe?"

"Nilisema hivyo, lakini..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Nimesafiri hadi Iringa. Nimepima kwa uzi, nimechagua, nimebeba mgongoni kasha ambalo hata mwanamume angelalamika. Kwa ajili ya usingizi wenu! Nikipiga kwa kelele, nasumbua. Nikipiga kimya, mimi jasusi. Sasa niambieni, nipige vipi?"

Isakwisa akakohoa. "Shemeji, si ugomvi. Tuonyeshe tu karatasi. Tukiona, mambo yamekwisha."

"Sionyeshi."

"Kwa nini, kama hakuna kitu?"

"Kwa sababu ni zangu! Wewe, redio yako ikinguruma nimewahi kuja kukuuliza unasikiliza stesheni ya nchi gani? Na wewe mzee, nimewahi kufungua madebe yako nione mna nini?" Alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili. "Mkitaka kuingia, nibomoeni kwanza mimi."

"Basi nitapeleka habari tawini, kwa chama," alisema Filemoni, naye sasa amekasirika. "Waje wao wachukue mashine."

Hapo sauti ikatoka kwenye kamba za nguo.

"Wachukue nini?" Alikuwa Esta, shuka bichi begani, maji yanamchuruzika. Alipita katikati ya watu hadi akasimama mbele ya mumewe. "Mnataka kujua kilichoandikwa? Mimi nakijua. Kuna mwanamke ametoka Usukumani, mume wake amekufa njiani, shemeji zake wanataka kumnyang'anya ng'ombe na kumrudisha. Amekataa. Amewaswaga mwenyewe. Sasa amefika mtoni, maji yamejaa, ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika mkono, na nyuma wale mashemeji wanakuja. Hayo ndiyo majina ya walanguzi! Huyo ndiye jasusi wenu!"

Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Alivuka?"

"Sijui," alisema Esta. "Mlivyomsumbua, atamvusha saa ngapi?"

Isakwisa aliinamisha kichwa, akamgusa mkewe mkono, na Esta akauondoa mkono ule. Filemoni alivuta koti lake, akatazama viatu vyake.

"Sasa, mwalimu," alisema mwishowe, "si ungetuambia tu tangu mwanzo?"

Hakuomba radhi. Mbuke alisubiri aombe. Aliona jinsi maneno yalivyomfikia mdomoni na jinsi alivyoyarudisha. Wengine walianza kutabasamu, kana kwamba limekuwa jambo la kuchekesha, na yule mama wa chumvi akasema, "Basi leo jioni utatusomea, mwalimu." Kwao yalikuwa yamekwisha. Kwake yeye hayakuwa yamekwisha hata kidogo.

"Mwisho wa mwezi nahama," alisema, akafunga mlango.

Alipata chumba Uyole, mbali na shule kiasi cha kuondoka kabla ya kupambazuka, kwa mama mjane aliyelima viazi na pareto na ambaye hakuuliza kitu. Siku ya kuhama Filemoni alikuja kushika upande mmoja wa kasha ili amsaidie kulipandisha mkokoteni. Mbuke akamwambia aache. Akalipandisha na Esta. Akaondoka bila kugeuka, na hasira ikamsindikiza njia nzima. Kwa kweli hakutaka imwache. Alihisi akiiacha, ataanza kuwaona wale watu kuwa wema, na atasahau jinsi walivyojipanga mlangoni kwake.

Aliitumia hasira hiyo. Sura ya mashemeji, ambayo tangu mwanzo alikuwa ameiandika kwa woga, akiwapa visingizio kwa kuwa walikuwa ndugu wa babu yake, damu yake mwenyewe, aliichana akaiandika upya. Safari hii waliongea kwa upole kama Filemoni, wakasema hawataki ugomvi, wanataka tu kuona. Ikawa sura ndefu kuliko zote.

Esta alikuja Uyole Jumapili moja baada ya kanisa, amebeba kikapu cha ndizi, hakumwambia Isakwisa anakokwenda. Mbuke akamsomea. Hadithi ilipofika mtoni, Esta akamzuia kwa mkono.

"Huyo anayeshikwa mkono," alisema. "Amechukuliwa na maji?"

"Ndiyo. Alikuwa shangazi yangu. Hata jina lake sikuwahi kuambiwa."

"Na wale mashemeji waliona?"

"Waliona. Walisimama ng'ambo wakatazama, kisha wakageuza wakaenda zao."

Esta alimenya ndizi ambayo hakuila.

"Waandike majina yao," alisema. "Hao waandike yote mawili, la ubatizo na la ukoo."

Mbuke akaingiza karatasi mpya.