Hesabu Thelathini na Mbili za Kunyamaza

Hattie Jelinek alikuwa na alama hamsini na nane kati ya sabini, na alizozikosa alizikosa kwa uzembe wake mwenyewe. Mara tatu alisahau penseli. Karatasi moja ya mazoezi ya nyumbani ililiwa nusu na mbwa, na ajabu ni kwamba ililiwa kweli. Siku nyingine alifika na ala yake shuleni, akaikokota mpaka kitini, akaipakata, ndipo akagundua kwamba kile kipande cha kupulizia amekiacha jikoni kwao.

Katika bendi ya Mwalimu Moua kila kitu kina alama. Kuketi wima kuna alama, kufika mapema kuna alama, hata soksi nyeusi zina alama. Kila Septemba wanafunzi wa darasa la saba hupewa karatasi ya kurasa mbili, mzazi anaisoma na kutia saini, na tangu siku hiyo huna pa kujificha. Alama sabini ni za darasani. Thelathini ni za onyesho la majira ya baridi. Asiyefikisha themanini haendi kwenye tamasha la Mei, na hakuna machozi yaliyowahi kubadilisha hilo.

Na Hattie alilitaka tamasha la Mei kuliko kitu chochote. Yeye ni mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, ambalo ukilipakata mtu anakuona miguu tu. Kazi ya tuba ni kupiga bum, bum, bum huko chini, ili filimbi na klarineti wapate kusifiwa huko juu. Miaka miwili Hattie alikuwa amepiga bum zake bila kunung'unika. Lakini Mei hii, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na wimbo ambao ndani yake tuba ndiyo inayoimba, mistari minane mizima, na filimbi zinainyamazia. Asipofikisha themanini, mistari ile angepewa Brecken, mvulana wa kiti cha jirani, ambaye tayari alikuwa ameanza kuifanyia mazoezi karibu kabisa na sikio lake.

Onyesho likaangukia siku ya Jumapili, saa nane mchana. Asubuhi yake babu yake, mzee Ervin, alisimama mlangoni amevaa buti za barafu.

"Saa moja tu, mjukuu wangu. Leo samaki wanauma, nawasikia mpaka magotini."

"Babu, nina onyesho."

"Saa nane, si ndiyo? Saa nane utakuwa umekula, umeoga, umevaa nyeusi zako, na bado umenichoka."

Wakaenda. Wakaketi juu ya ziwa lililoganda, kila mtu na tundu lake la kuvulia lililotobolewa kwenye barafu, na samaki kweli waliuma. Ilipokaribia saa sita babu akataka kupenga kamasi. Akavuta leso mfukoni, na funguo za gari zikatoka pamoja na leso, zikagonga barafu mara moja, zikatumbukia tunduni. Wote wawili wakaliinamia tundu lile kwa muda mrefu.

"Bibi yako asijue," akasema babu.

Simu hazishiki kule ziwani. Walijaribu saa nzima kuzinasa funguo kwa ndoana, na walichonasa ni samaki mwingine. Kisha wakatembea kwenye theluji zaidi ya saa mbili. Hattie alipoingia ukumbi wa shule, ananuka chambo kutoka kofia mpaka buti, wenzake walikuwa wanakunja viti.

Mwalimu Moua ni mwanamke mfupi, na sijapata kumwona mtu mzima anayemwinamia bila kujisikia mdogo. Alimsikiliza Hattie mpaka mwisho.

"Karatasi inasema ugonjwa, msiba, au barua iliyoletwa kabla," akasema. "Tundu la samaki halimo."

"Najua, Mwalimu."

"Umesoma ukurasa wa pili?"

Nani husoma ukurasa wa pili! Ukurasa wa pili ulisema kwamba aliyekosa onyesho anaweza kulilipa kwa kupiga sehemu yake yote, nyimbo zote tatu, peke yake, mbele ya wasikilizaji wasiopungua ishirini ambao si wa ukoo wake. Mwalimu atakuja kumpima: kumi za sauti, kumi za mwendo, kumi za kusimama peke yake.

"Lakini Mwalimu, tuba peke yake si muziki! Ni kama mtu anahamisha kabati."

"Basi hamisha vizuri. Na kimya nacho utakipiga. Wimbo wa tatu una hesabu thelathini na mbili za kunyamaza. Usiruke hata moja."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Hattie alipiga teke theluji. Babu, aliyekuwa anaungua kwa aibu tangu ziwani, ndiye aliyepata wazo.

"Ijumaa," akasema. "Ukumbi wa kijiji, kwenye mlo wa samaki wa Kwaresima. Kuna watu sitini, na hawawezi kukimbia kwa sababu sahani zao hazijaletwa."

Ijumaa ikafika, na tuba ikawekwa kati ya meza ya kabichi na meza ya bia. Mwalimu Moua aliketi mbele, koti hajalivua, karatasi yake juu ya paja. Babu alisimama akaeleza kisa chote, pamoja na funguo, na bibi, aliyekuwa jikoni anakaanga chapati za viazi, akatoa kichwa dirishani.

"Kumbe! Mimi uliniambia zimeibwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Hattie akaanza kupiga huku wakicheka.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole. Bum. Kimya. Bum, bum. Kimya kirefu. Watu walitazamana. Bibi Lucille, ambaye hakosi tukio lolote pale kijijini, akapiga makofi.

"Bado," akanong'onezwa.

"Bado nini? Si amenyamaza?"

"Ng'ombe wangu akilia hivi," akasema mzee Otto, "mimi nampigia daktari."

Hattie alisikia kila neno. Masikio yalimwaka moto, lakini aliendelea kuhesabu, akamaliza, na makofi yakaja ya huruma, ambayo ni makofi mabaya kuliko yote.

Wimbo wa pili ulikuwa polka, dansi ya mbio ya kucheza wawili wawili. Alipiga bum nne za kwanza, ya tano, na mara Bibi Lucille akaweka uma chini. Watu wa pale wameoana kwa polka ile na kuozeshea watoto wao. Hawakuhitaji filimbi wala klarineti kuwaambia ni wimbo gani, bum zilitosha. Bibi Lucille akaanza kuimba la-la-la kwa sauti yake ya kanisani. Meza yake ikamfuata. Mzee Otto akagonga glasi kwa kijiko, wawili wakainuka kucheza, wanne, kumi, sakafu ya mbao ikaanza kunguruma.

Na kama ilivyo kwa watu wenye furaha, wakaanza kukimbia. Wimbo ukaongeza mbio, ukaongeza tena. Hattie akauona unamponyoka. Akakanyaga mguu chini kwa nguvu, akapiga bum zake nzito zaidi, palepale zilipopaswa kuwa, wala hakuwafuata. Waimbaji wakajikuta wako mbele peke yao, wakasita, wakarudi. Ukumbi mzima ulikuwa umekaa juu ya pumzi ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Kwa mara ya kwanza tangu ziwani, Hattie alifurahi, alifurahi mno, na walipomaliza kwa kishindo alikuwa anacheka ndani ya tuba.

Kisha akamwona Mwalimu Moua anaandika.

"Mwendo, kumi," akasema mwalimu. "Sauti, nane. Lakini karatasi inasema peke yake, Hattie, na mimi nimeona watu sitini. Siwezi kuandika nisichokiona."

Hamsini na nane, na kumi na nane. Sabini na sita. Hattie alipiga hesabu ile haraka kuliko mtu yeyote pale.

"Mwalimu, kosa ni langu," babu akasema akiinuka. "Hizo alama nikate mimi."

"Wewe, bwana Ervin, hujaandikishwa kwenye bendi yangu." Mwalimu akageukia tuba. "Umebakiwa na wimbo mmoja. Kumi za kusimama peke yako nitazipima kwa huo tu."

Babu akageuka, akaukabili ukumbi mzima, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Mmesikia nyote. Atakayeimba, atakayegonga, atakayetafuna kwa sauti, huyo ana kesi na mimi."

"Hata kukohoa?" akauliza mzee Otto.

"Wewe ufe kimyakimya."

Jikoni wakazima mashine ya kuvuta moshi. Wakaepua sufuria motoni. Hattie akapiga mwanzo wa wimbo wa tatu, bum ndefu nane zinazoshuka, akafika kwenye kimya. Akashusha pumzi. Moja.

Hujapata kusikia ukumbi wa samaki ukinyamaza hivyo. Mbili. Tatu. Mtoto mmoja alifungua mdomo na mama yake akamtia kipande cha mkate. Nane. Tisa. Bibi Lucille alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Kumi na nne. Hattie akaona kwamba hawakunyamaza tu. Walikuwa wanahesabu. Mzee Otto alihesabu kwa vidole chini ya meza, meza ya kwaya ilihesabu kwa vichwa, na babu, aliyesimama kando ya ukuta, alihesabu kwa midomo, kwa mabega, kwa mwili wote. Ishirini na mbili. Kila mmoja pale alikuwa ameubeba mzigo ule pamoja naye, na hakuna aliyetoa sauti, na Hattie nusura alie kwa jinsi alivyowapenda.

Ishirini na tisa. Thelathini.

Hapo babu akaitikia kwa kichwa. Sasa! Macho yake yalisema sasa, mjukuu wangu, ingia! Na kwa vile wote walikuwa wanamtazama babu, wote wakavuta pumzi pamoja naye. Nyuso sitini zikamwelekea Hattie, vichwa vikashuka, viti vikalia, kila mtu akimsukuma kwa macho. Pumzi ilikuwa tayari imejaa kifuani mwake. Midomo ilikuwa tayari kwenye tuba.

Alishusha macho kwenye tuba, hakuingia.

Thelathini na moja. Babu akaitikia tena, sasa kwa kuomba, mikono ameifumba, akiamini amemharibia kwa mara ya pili. Mzee Otto akafumba macho. Thelathini na mbili.

Hattie akaingia. Sauti ikatoka chini kabisa, nene, imenyooka, glasi zikatetemeka mezani, na aliipeleka mpaka mwisho bila kumtazama mtu.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliogopa. Wote walimtazama Mwalimu Moua, aliyeinuka, akaenda mpaka kwenye tuba na karatasi yake.

"Uliingia baada ya ngapi?"

"Thelathini na mbili, Mwalimu."

"Babu yako alikwambia uingie kwenye thelathini. Ukumbi wote ulikwambia." Akashusha karatasi. "Hata mimi nilivuta pumzi. Mbona hukuingia?"

Hattie akafikiri. "Walikuwa wanakimbia," akasema. "Mtu lazima abaki."

Mwalimu Moua akaandika kumi. Akaiandika kubwa, akaigeuza karatasi ionekane na meza zote, na chini yake jumla: themanini na sita.

Kelele zilizopasuka pale zilisikika mpaka kituo cha mafuta. Bibi Lucille alimbusu mwalimu kwenye kipaji cha uso bila kuomba ruhusa. Bibi yake Hattie akatoka jikoni na mwiko mkononi. Otto akapanda kiti, akadai polka irudiwe, na safari hii isipimwe na mtu, na Mwalimu Moua akavua koti lake hatimaye, akaomba sahani.

Babu alikuja wa mwisho. Alikuwa analia na hakujificha.

"Kidogo nikukoseshe tena," akasema. "Hesabu mbili nzima, mjukuu wangu! Nilikuwa na uhakika kabisa."

"Najua, Babu," akasema Hattie, akaifuta midomo kwa mkono ili aanze polka. "Ndiyo maana sikukutazama."