Kocha Aliyebaki Sebuleni

Jumanne ya pili ya Januari 2004, saa kumi na moja na nusu jioni, Chelagat alikuwa amesimama jikoni mwa nyumba yao ya kupanga huko Takoma Park, Marekani, akipanguza kibuyu kwa kitambaa kikavu. Bado alikuwa na sare zake za kazini, zile za maua madogo, kwa sababu basi la kutoka Greenbelt, alikokuwa akiwatunza wazee, lilikuwa limechelewa na mgeni alikuwa njiani. Kuku alikuwa ameshaiva. Maji ya ugali yalikuwa motoni. Mumewe, Kiprotich, alivaa tai, akaivua, akaivaa tena.

Mgeni mwenyewe alikuwa Kocha Gannaway wa Chuo cha Tolliver, kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana. Alikuwa anakuja kuwaomba wampe Ethan, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa anamaliza sekondari na ambaye akikujia mbio ukiwa na mpira ilikuwa afadhali umpe tu. Katika ukocha wa vyuo, kushinda mechi ya Jumamosi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuingia kwenye sebule za watu wakati wa baridi, kula walichopika na kuwaambia wazazi maneno watakayolala nayo. Wapo makocha wanaojua uwanja na hawajui sebule, na hao hawadumu. Gannaway alijua vyote viwili.

Alifika na msaidizi mmoja, akakalia sofa, akasimulia maisha yake bila kuombwa. Kwao ni Virginia Magharibi, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Alicheza mpaka pua ikavunjika mara tatu. Alifundisha historia, akafua jezi, akaendesha basi la timu, akawa kocha msaidizi katika vyuo sita ndani ya miaka kumi na moja, akihamahama hadi mkewe akaacha kufungua maboksi ya vyombo. Sasa alikuwa amechoka kuhama. Tolliver, alisema, ndiko atakakozeekea.

Chelagat akamletea mursik, maziwa yaliyolala kibuyuni juma zima, meusimeusi kwa mkaa wa mti wa senetwet uliokuja Marekani ndani ya sanduku la nguo. Wazungu waliowahi kupewa maziwa hayo pale ndani walikuwa wamegusisha mdomo tu na kuyasifu. Gannaway aliinua kikombe na kukimaliza kwa pumzi moja, akajipangusa masizi mdomoni, akaomba kingine. Kisha akamtazama Kiprotich machoni na kusema, "Nitamtunza Ethan kama mwanangu wa kumzaa. Miaka minne, na atatoka na digrii mkononi." Kiprotich aliitikia kwa kichwa. Kwake yeye, mtu aliyekunywa mursik ya nyumba hii vikombe viwili alikuwa ameshasema kila kitu, na karatasi zilizobaki zilikuwa za kuwaridhisha makarani.

Saa moja na nusu kocha alisimama, akawapa wote mkono, akavaa koti na kutoka na msaidizi wake. Chelagat aliwasindikiza mpaka penye ngazi, akaona taa za gari lao zikikata kona. Aliporudi ndani, kocha alikuwa bado ameketi kwenye sofa na fulana yake ya kijani yenye nembo ya Tolliver, kikombe mkononi. Chelagat akamwongezea chai.

Kiprotich alimfuata jikoni. "Huyu analala hapa?"

"Si umuulize."

"Wewe ndiye mama wa nyumba."

"Na wewe ndiye ulivaa tai."

Hakuna aliyemuuliza. Kwao Bomet mgeni huulizwa kama ameshiba. Haulizwi ataondoka lini, hata akipitiliza msimu wa kupanda. Ethan alichungulia kutoka chumbani na kusema, "You good, Coach?" Kocha akasema yuko salama. Wakamletea blanketi.

Jumatano ya kwanza ya Februari walisaini karatasi ya ufadhili wa Tolliver. Kufikia wakati huo walikuwa wamemzoea. Kocha hakuwa msumbufu. Alilala akiwa ameketi, mikono magotini, na kila mtu alipopita alisema kwamba atamtunza Ethan kama mwanawe. Chelagat, ambaye riziki yake ilikuwa kuwageuza wazee ili ngozi isichubuke, alimwekea mto huku asubuhi na kule jioni. Meneja wa jengo alipokuja kuhesabu wapangaji, alimwandika kama jamaa aliyetembelea.

Mwezi wa Machi, baada ya ibada, Flaviana alimvuta Chelagat pembeni. Flaviana alikuwa Mtanzania wa Springfield, na mwanawe, Cosmas, alichukuliwa na Tolliver mwaka 2001.

"Huyo wenu mmemweka wapi?" Flaviana aliuliza.

"Sebuleni, kwa sofa."

"Sisi wetu tulimpandisha juu, maana wageni walikuwa wanakosa pa kukaa. Yuko kwenye chumba cha kupigia pasi. Hana neno, ila anapenda sana kuongea." Flaviana akapunguza sauti. "Mama Ethan, ile karatasi mliisoma?"

"Tulisaini."

"Sijauliza kama mlisaini, mpendwa."

Cosmas, ikabainika, aliteguka bega mwaka wa pili, na sasa alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala karibu na makutano ya barabara kuu. Jioni ile Chelagat na mumewe waliisoma karatasi. Ilisema ufadhili ni wa mwaka mmoja, na kwamba chuo kinaweza kuuendeleza au kutouendeleza kitakavyoona. Haikuwa imefichwa. Ilikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa nne.

"Lakini alikunywa mursik," Kiprotich alisema.

Kutoka kwenye sofa kocha alithibitisha kwamba ndiyo, alikunywa, na ilikuwa tamu.

Ethan alicheza mwaka wa kwanza na kusifiwa. Mwaka wa pili, Jumamosi moja ya Oktoba 2005, goti lilimpinda kipindi cha kwanza. Daktari wa timu alitaka akae nje. Gannaway, yule wa uwanjani, alimuuliza, "Unaweza?" Ethan akajibu, "Yes, Coach," kama mtoto yeyote wa nyumba ile angemjibu mkubwa wake. Walimdunga sindano ya ganzi na kumrudisha. Kabla mchezo haujaisha goti lilikatika, na Chelagat aliusikia mlio wake kutoka alipokuwa ameketi, safu ya saba.

Jioni kocha wa sebuleni alimwona Ethan akiingia kwa magongo, akauliza nani alimrudisha uwanjani.

"Ni wewe," Kiprotich alisema.

Kocha aliweka kikombe chini. Siku ya tatu aliomba barafu, akaishika juu ya goti la Ethan mpaka vidole vyake vikawa vyeupe, na tangu siku hiyo hakukosa hata jioni moja. Katika watu wote wa mpira wa Tolliver ni yeye tu aliyewahi kuuliza goti linaendeleaje.

Desemba ya mwaka huohuo timu ya Tolliver ilimaliza na ushindi ambao haijawahi kuupata, na Gannaway akatokea kwenye televisheni. Alikuwa amevaa tai nyekundu, amesimama mbele ya vipaza sauti kwenye chuo kikubwa cha kusini, chenye uwanja wa kumeza mji mzima wa Bomet na mifugo yake. Alisema amechoka kuhama na hapo ndipo atakapozeekea. Kwenye skrini alionekana amepungua, shati likimpwaya shingoni. Kocha wa kijani, yule wa kwenye sofa, alimtazama kwa makini mpaka mwisho, akasema jamaa huyo anaongea vizuri na kwamba wazazi watampenda. Chelagat alizima televisheni. Alikuwa na hasira ya kutosha kuivunja, lakini ilikuwa bado mpya.

Juni 2006 ikaja barua. Kocha mpya wa Tolliver alimshukuru Ethan kwa mchango wake na kumjulisha kuwa ufadhili wake hautaendelezwa. Bima ya chuo nayo ingekoma siku hiyohiyo, na goti lilikuwa bado linahitaji kupasuliwa mara ya pili. Chelagat alimwekea kocha barua mapajani. Kocha alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akasema jambo hilo haliwezekani kwa kuwa yeye alishatoa ahadi. Chelagat akampa simu.

Kocha alipiga Tolliver, akaambiwa Kocha Gannaway alishaondoka. Akapiga kule kusini. Katibu aliuliza ni nani anayemtafuta Kocha Gannaway, naye akajibu, "Kocha Gannaway." Katibu alimwomba ataje herufi za jina moja moja, akaandika ujumbe, akamtakia siku njema. Hakuna aliyepiga kurudisha.

Ethan alipata kazi ya kupanga viatu kwenye duka la Silver Spring, kazi ya kusimama mchana kutwa. Alichukua somo mojamoja jioni. Mama yake akimuuliza kama goti linauma alijibu, "It's fine, Mom," na kupanda ngazi mguu mmoja mmoja.

Januari 2007 Mzee Njuguna wa Greenbelt alisimama kanisani na kuomba maombi. Kocha mkubwa kutoka kusini angekuja kwao Alhamisi kumwona mwanawe, Fidelis. Waumini walipiga makofi. Chelagat hakupiga.

"Tunaenda," alimwambia Kiprotich. "Na tunaenda na yeye. Amwambie mwenyewe. Ethan arudishiwe miaka yake miwili, na goti litengenezwe. Hiyo tu."

Alhamisi alimvalisha kocha koti la Kiprotich, akamfunga mkanda kiti cha nyuma cha Corolla. Hakuwahi kutoka nje kwa miaka mitatu. Njiani alitazama miti mitupu na kusema hali ya hewa ni nzuri kwa mazoezi.

Walimkuta Gannaway akishuka kwenye gari mbele ya nyumba ya Njuguna, tai nyekundu shingoni, msaidizi mpya pembeni. Kocha wa kijani alimwendea, akampa mkono. Msaidizi alitazama saa yake.

"Mtoto wa nyumba ninayokaa," kocha wa kijani alisema. "Ethan. Ulimwahidi miaka minne."

"Namkumbuka," Gannaway alisema. "Na yale maziwa. Nilimaanisha kila neno."

"Najua. Nilikuwepo."

"Lakini mimi sipo Tolliver tena."

"Mimi nipo," kocha wa kijani alisema.

Gannaway alikubali kwamba hilo ni kweli. Akamgeukia Chelagat na kumpa mkono pia. Mkono wenyewe haukuwa na uzito, kama glavu tupu. Alisema anamwombea Ethan, na sura yake haikuwa ya mtu anayedanganya. Msaidizi alitoa kofia nyekundu kwenye mfuko akampa Kiprotich, na wote wawili wakaingia ndani kwa Njuguna.

Walisubiri garini dakika hamsini, kofia ikiwa juu ya dashibodi. Mlango ulipofunguliwa, Gannaway alitoka, akapunga mkono, akaondoka. Kupitia dirisha la sebule Chelagat alimwona akiwa bado ameketi ndani, tai nyekundu, sahani ya irio magotini.

"Watasaini mwezi ujao," Chelagat alisema. "Bado kuna wakati." Akashuka, akagonga.

Abigail, mke wa Njuguna, alifungua mlango, uso ukimng'aa. "Mama Ethan! Umekuja saa nzuri. Ingia umsalimie kocha. Amekula irio yote, na ameongeza!"

"Mama Fidelis, nataka kukuambia kitu. Ile paper ni ya mwaka mmoja. Mtoto akiumia wanamwacha. Ethan wangu walimwacha. Huyu huyu."

Abigail alimshika mkono kwa nguvu, akaangalia nyuma kuelekea kwenye sofa, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Haki, Mama Ethan, ongea polepole," alisema. "Mgeni atasikia."

"Asikie."

"Mgeni hawezi kusemwa kwa nyumba akiwa bado amekaa. Akienda tutaongea. Si utapiga simu?"

Chelagat alitazama ndani. Kocha alikuwa amejiegemeza vizuri. Kulikuwa na blanketi tayari mkononi mwa sofa, limekunjwa, na Fidelis, mwenye miaka kumi na saba na mabega mapana kama mlango, alikuwa ameketi mkekani akimtazama kama anatazama baba yake akirudi safarini. Kocha aliinua uso, akamtabasamia Chelagat na kusema atamtunza kijana huyu kama mwanawe wa kumzaa. Abigail alishika kifua. Kikombe cha chai kilimfikia Chelagat mkononi kabla hajakataa, na kwa kuwa kukataa chai ya mtu ni kumtukana, alikunywa akiwa amesimama, akashukuru, akaaga.

Garini kocha wa kijani alijongea mbele mpaka mkanda ukamkaza.

"Wazazi wamekubali?" aliuliza.

"Wamekubali," Chelagat alisema.

Kocha alishusha pumzi ndefu, akajiegemeza, akafurahi kwa moyo wake wote, na Kiprotich akawasha gari.