Misumari Sita

Kinyozi alipangusa kioo kwa mara ya nne asubuhi ile, na kioo hakikuwa na hata alama ya kidole. Alikuwa anaitafutia mikono yake kazi tu. Ikikosa kazi ilitetemeka, na ikitetemeka aliitazama, na akiitazama ndiyo kabisa, ilizidi.

"Tulieni basi," aliiambia. "Aibu gani hii mbele za watu?"

Watu wenyewe hawakuwepo. Tangu afungue, wawili tu ndio waliochungulia mlangoni. Wa kwanza alikuwa fundi rangi aliyemnyoa miaka saba. "Ah, umerudi bwana! Pole sana. Nitapitia baadaye," alisema, miguu ikiwa imeshageuka kabla mdomo haujamaliza. Wa pili hata kusema hakusema. Alimtazama kinyozi, akautazama wembe juu ya meza, kisha ghafla akakumbuka kuna mahali anasubiriwa. Kinyozi hakuwalaumu. Yeye mwenyewe angekipeleka kichwa chake kwa mtu aliyetoka wodi ya magonjwa ya akili juzi tu? Thubutu!

Chumba kilikuwa kidogo: kiti kimoja cha kuzunguka, benchi, kioo, meza yenye droo mbili. Ukutani, kando ya kioo, palikuwa na misumari sita imepangwa mstari mmoja. Mkewe ndiye aliyeipigilia mwaka waliofungua, kila kitambaa cha kunyolea na msumari wake. Vilikuwa vitambaa vyeupe sita. Jioni aliviloweka kwenye beseni, asubuhi vilikuwa vimeshapigwa pasi na kutundikwa. "Mtu akifungwa kitambaa safi shingoni hutulia," alikuwa akisema, "hata kama unamharibia kichwa." Sasa misumari ilikuwa mitupu, na kinyozi aliona afadhali atazame kioo kuliko kuutazama ukuta ule.

Kwa miaka mingi alivuta bangi. Kidogo tu, alijiambia, ya kupumzisha kichwa. Kile kidogo kilimfanya asahau wateja aliowaahidi, akohoe hadi mgongo umuume, aamke akiwa na hofu asiyojua imetoka wapi. Mkewe akimwambia, alijifanya hamnazo. Halafu kuna mtu mmoja pale mtaani, wakimwita Mhandisi ingawa hajawahi kujenga hata banda la kuku, akamletea kipakiti kinachong'aa chenye picha ya nyota.

"Ni ileile yako," Mhandisi alisema, "ila imechangamka kidogo. Majani tu, kaka."

Kinyozi alikifungua, akanusa. Kilinukia spiriti kwa mbali, na hapo ndipo alipokwisha. Mtu mwingine angeshtuka, majani yanawezaje kunukia spiriti? Lakini yeye miaka kumi na miwili alikuwa akifutia spiriti mkasi, wembe na shingo za watu. Puani mwake harufu ile ilikuwa na maana moja tu: kitu kimesafishwa, hakina madhara. Aliiamini pua yake, maskini ya Mungu.

Muuguzi wa wodini alimweleza baadaye, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda kama dada. "Majani yale si kitu. Ni dawa iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, ikayeyushwa kwenye kitu kama spiriti, ikanyunyiziwa hapo. Kipakiti kimoja kina kidogo, kinachofuata kina mara kumi. Hata anayekuuzia hajui. Wengine moyo unasimama palepale. Wewe umepata degedege na akili ikachafuka, lakini umeamka. Shukuru."

"Na ile ya zamani, dada? Bangi yenyewe?"

"Wapo wanaovuta miaka na hawachanganyikiwi. Wewe kichwa chako kimeshakuambia hakiiwezi. Kwa nini ukibishie?"

Na kila alipofumba macho aliiona Jumamosi ile.

Baba mkwe wake alikuwa kitini. Kinyozi alikuwa ametoka uani kuvuta majani ya kipakiti kile, akarudi, akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto. Alipofika nusu ya kichwa, mlio wa mashine ukageuka sauti. Ukamtaja jina. Ukamwambia mzee aliyekaa hapo si baba mkwe, kuna mtu amevaa uso wake. Moyo ulikwenda mbio hadi akausikia kwenye meno. Akaitupa mashine, akashika wembe. Hapo ndipo mkewe alipoingia na beseni la vitambaa vilivyofuliwa, mtoto mgongoni, anacheka jambo aliloambiwa njiani. Kinyozi alimtazama mwanamke aliyemuoa, akamwuliza, "Wewe nani?"

Mzee aliinuka taratibu, akamshika kifundo cha mkono na kuutoa wembe vidoleni mwake, kidole kimoja kimoja. Kisha kinyozi akaanguka na degedege. Hakuna aliyeumia ila yeye, aliyejing'ata ulimi. Lakini lile swali lilikuwa limeshatoka. Mkewe aliondoka siku ileile kwenda kwa wazazi wake, beseni bado kiunoni, na hakuna aliyekumbuka kwamba vitambaa vimo. Wiki sita sasa. Kinyozi hakutaka kitu kingine duniani, si wateja wala jina zuri. Alitaka mkewe na mtoto warudi, basi.

Aliacha kioo, akafungua droo ya chini ili azipange nyembe. Nyuma kabisa kulikuwa na kopo la poda, akalitikisa. Ndani kitu kikagonga. Alijua ni nini kabla hajafungua, maana aliyekificha ni yeye. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kopo mapajani, mate yakamjaa kinywani. Jamani, mate! Ulimi aliojing'ata ulikuwa bado na kovu, na mdomo ulikuwa unataka tena.

"Hodi humu?"

Baba mkwe alisimama mlangoni, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni, juani vile, na mfuko wa karatasi kwapani. Kinyozi aliruka kutoka kitini kana kwamba amekalia moto, kopo akalisukuma mezani.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unamkalia mteja kiti chake?"

Mzee alikuwa fundi mizani. Maisha yake yote alizunguka madukani na masokoni akitengeneza mizani zilizopinda, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anangoja mshale wa mizani utulie ndipo asome. Alimsoma kinyozi hivyo kwa muda. Kisha akaivua kofia.

Kinyozi alipigwa na butwaa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa fupi, zimeota kidogo kwa wiki sita, na wa kulia zilikuwa kichaka. Katikati mpaka ulinyooka vizuri, maana hata akiwa amerukwa na akili mkono wake ulikuwa wa fundi.

"Baba! Umetembea hivyo siku zote hizi?"

"Na kofia. Nimetoka jasho hilo, usiseme. Mama mkwe wako amekataa kukaa na mimi kibarazani. Anasema nafanana na uwanja uliofyekwa nusu, mfyekaji akaitwa kula."

Kinyozi alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Jumamosi ile, na katikati yake kikageuka kilio, akashindwa kukizuia. Mzee alikaa kitini, akamngoja.

"Vinyozi wamejaa mtaa mzima, baba," kinyozi alisema akijifuta kwa kiganja. "Kwa nini hukumaliziwa?"

"Kazi ya fundi mwingine haiguswi ikiwa katikati. Mizani niliyoifungua mimi naifunga mimi. Haya, nyoa."

Kinyozi alinyoosha mikono mbele yake ili mzee aione. Ilitetemeka. "Ndiyo hii, baba. Na si hii tu." Alimeza mate, akapiga moyo konde, akalimimina kopo la poda mezani. Kipakiti kingine cha nyota kilitoka, kimepakaa poda nje. "Nilikuwa nacho mkononi ulipobisha hodi. Nisikudanganye. Usingekuja, sijui."

Uso wa mzee ulikaza. Halafu alikiokota kipakiti, akakipima kiganjani, akikipandisha na kukishusha kidogo kama alivyozoea.

"Gramu tatu," alisema. "Hazifiki." Akakitazama tena, akatikisa kichwa chake cha nusu kwa nusu. "Gramu tatu, halafu mimi nakaa na binti yangu analia nyumbani kwangu. Nimekukasirikia, mwanangu. Bado nimekukasirikia."

"Ndiyo, baba."

"Choo kiko wapi?"

Walikwenda uani pamoja. Kinyozi ndiye aliyekichana na kukikung'uta shimoni, mzee akamshikia ndoo ya maji. Harufu ya spiriti ilipanda kidogo, na safari hii akaziba pua. Akamwaga ndoo yote, akaomba nyingine.

Waliporudi ndani mzee alikaa tena, akafungua mfuko wake wa karatasi. Akatoa kitambaa cheupe, kimepigwa pasi na kukunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Mkunjo ule ulikuwa wa mtu mmoja tu duniani. Kinyozi hakuuliza, aliogopa kuuliza. Alikifunua, akamfunga mzee shingoni, vidole vikahangaika na kamba hadi mzee akaishika ncha moja kumsaidia.

"Mashine siwashi, baba. Ule mlio bado siuwezi. Na wembe sishiki leo. Nitakata kwa mkasi na kitana. Itachukua muda."

"Mimi nimestaafu. Muda ndio nilionao."

Kabla ya kuanza alifanya alivyofanya siku zote kwa kila mteja: aliweka kiganja cha kushoto utosini, akakituliza hapo alijue umbo la kichwa. Alilikuta lile bonde dogo nyuma ya sikio, joto la ngozi, mshipa unaopiga polepole. Mkono ulitetemeka juu ya kichwa cha mzee, na mzee hakukikwepesha hata kidogo.

"Usiubane," mzee alisema, macho amefumba. "Mshale ukiushika kwa nguvu ndio unacheza zaidi. Uache ucheze, utachoka wenyewe."

Kinyozi aliuacha. Haukutulia wote, ila ulipungua vya kutosha. Akaanza upande wa kulia, nywele chache kwa mara moja, mkasi ukisema neno moja tu, lilelile, na kinyozi akashukuru kwamba ni mkasi tu unaosema. Kazi ya robo saa ilichukua saa nzima na zaidi. Fundi rangi alipita tena nje, akapunguza mwendo, akatazama, akaendelea zake.

"Mtoto hajambo?" kinyozi aliuliza alipofika nyuma ya shingo, mahali ambapo hawezi kuonekana kwenye kioo.

"Hajambo. Siku hizi ni kukimbia tu. Anavunja vyombo."

"Ananiulizia?"

"Anauliza kila kitu kilichoko duniani isipokuwa wewe. Ndiyo maana najua anakukumbuka."

Kinyozi aliendelea kukata.

Alipomaliza, mzee alijigeuza kulia na kushoto mbele ya kioo. Pande mbili zilikuwa zimelingana. Pembezoni, mahali pa wembe, vinyweleo vilibaki vimesimama hovyo.

"Hapo bado," kinyozi alisema. "Sitaki kukudanganya kwamba nimemaliza."

"Naona. Nitakuja Jumamosi."

"Jumamosi huenda bado, baba."

"Basi ile nyingine." Mzee aliikunja kofia yake, akaisukuma mfukoni, akatoka kichwa wazi. Kinyozi alimsindikiza hadi kizingitini, kitambaa mkononi, na pale ndipo swali lilipomtoka.

"Na vile vingine vitano, baba?"

"Nilimuuliza. Alikipiga pasi hiki asubuhi mwenyewe, sikumtuma." Mzee alijipapasa kichwa, akitafuta namna ya kulisema. "Kasema vingine havijakauka."

Akaenda zake. Kinyozi alisimama akilitazama jua. Lilikuwa limewaka hivyo wiki zote sita, kavu, bila wingu, na nguo ya mtu yeyote ilikauka kabla hajamaliza kuianika. Basi si vitambaa vilivyohitaji muda.

Kisha aliingia ndani, akakikung'uta kitambaa, akakitundika kwenye msumari wa kwanza. Akapitisha kidole kwenye ile mitano mingine, mmoja baada ya mwingine. Wa nne ulikuwa umelegea. Alivua kiatu, akaugongelea kwa kisigino hadi ukashika.