Bibi Dorkasi, Kilo Hamsini na Mbili

Bibi Dorkasi wa Ng'ambo ya Reli alisumbuliwa na vitu viwili: mtoto wa jicho na nyonga. Jicho la kulia lilishafunga duka. La kushoto lilimwonyesha watu kama vivuli nyuma ya pazia. Madaktari wa macho huja hospitali ya mjini Dodoma mara mbili tu kwa mwaka, na mara ya mwisho walimkosa kwa sababu bodaboda hapandi. Alipanda moja maishani, ikamwangusha korongoni, na nyonga haijasahau. Safari hii kadi ya hospitali ilisema Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi. Akikosa tena, jicho la kushoto nalo litazima. Aliambiwa hivyo bila kumung'unya maneno.

Sasa sikia vituko. Mwezi wa tatu alikuja afisa mipango wa halmashauri, kijana anaitwa Cornel, shati limenyooka, kishikwambi mkononi. Alikuja alfajiri ya Jumanne kuhesabu watu wanaosubiri usafiri, akakuta sitini na tatu wamejipanga kando ya barabara. Maskini, nusura machozi yamtoke kwa furaha. Akahesabu, akapiga picha, akaondoka. Kuuliza hakuuliza. Msomi mzima amuulize nani?

Wale watu walikuwa wanasubiri lori la taka. Lori la Yotham hupita kila Jumanne saa kumi na mbili na nusu, hupiga honi mara mbili na halisubiri mtu. Ukichelewa unakaa na uchafu wako wiki nzima, na ukiutupa korongoni mtendaji anakupiga faini. Basi kila nyumba hutoa mtu na gunia. Magunia hayo Cornel aliyaona, akaandika "abiria wenye mizigo".

Mwezi wa tisa akarudi kwenye mkutano wa mtaa na habari njema: kibanda cha kusubiria kimejengwa, na basi jipya litaanza Jumanne ijayo, kwa abiria sitini na tatu aliowahesabu. Bibi Dorkasi akashika pindo la kanga alikofunga kadi. Jumanne ile ile!

"Mjukuu wangu, hilo basi linafika hospitali?"

"Shikamoo bibi. Linafika getini kabisa."

"Marahaba. Na hao watu sitini na tatu uliwahesabu lini?"

"Mwezi wa tatu, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika ishirini."

Bibi akaelewa pale pale. Yeye mwenyewe alikuwemo kwenye ile foleni, na gunia la majivu. Jirani yake Evarista naye alielewa, akafungua mdomo aseme. Bibi akamfinya paja.

"Nyamaza! Ukisema, basi linakufa, na jicho langu linakufa nalo."

Evarista akanyamaza, na mtaa mzima ukanyamaza. Jumapili bibi aliomba msamaha kanisani mapema, maana dhambi aliijua.

Jumanne basi likaja saa kumi na mbili na nusu kamili, kama utafiti ulivyosema. Limefungwa utepe, na kwenye viti vya mbele wamekaa mwenyekiti wa kamati ya halmashauri na wenzake, wamevaa suti. Dereva, kwa kuchangamka tu, akapiga honi mara mbili.

Lo! Mlango haujafunguka sawasawa, gunia la kwanza likaingia. Likafuata la pili, la tano, la ishirini. Pumba, majivu, matumbo ya kuku, maganda ya tikiti. Mengine yalipitia dirishani.

"Jamani, hili ni basi la abiria!" Cornel alipiga kelele.

"Tunaliona, lina rangi nzuri," mtu akamjibu huku akirusha.

Walijua ni basi. Lakini honi mbili ni honi mbili, na nani alikuwa tayari kulala na uchafu wiki nzima kwa ajili ya utafiti? Mwenyekiti aliondoka na ganda la tikiti begani. Mlango ukafungwa, basi likageuza kwenda kuoshwa.

Bibi Dorkasi akabaki kwenye kibanda na kanga yake ya Krismasi. Aliona basi likipotea kama doa la bluu, akalia. Wala hakujificha.

Cornel akajitupa kwenye benchi. "Abiria wangu wako wapi?"

"Hukuwa na abiria, baba. Ulihesabu magunia. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa kuwa nilitaka macho. Ndiyo maana wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye benchi lako."

Kijana akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze utafiti akauliza swali. "Bibi, wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hospitali. Saa mbili."

Hapo likatokea lori la Yotham, limechelewa kwa kupisha msafara wa wakubwa.

"Taka ziko wapi?" Yotham akauliza.

"Zimepanda basi," Evarista akamjibu.

Cornel akasimama. "Kutoka hapa unakwenda wapi?"

"Hospitali, kuchukua taka za jikoni. Lakini abiria sipakii! Fomu yangu inasema taka ngumu tu, na getini wanakagua."

Cornel akaiomba fomu. Akaweka kalamu kwenye mstari wa "taka ngumu". "Bibi, utanisamehe. Una kilo ngapi?"

"Hamsini na mbili, na usizidishe. Andika! Mawifi zangu waliniita mabaya kuliko hayo, tena bila fomu."

Getini mlinzi alisoma fomu, akamtazama bibi, akasoma tena. "Taka ngumu, kilo hamsini na mbili. Taka huwa zinatoka hapa. Hii mbona inaingia?"

"Imerudi kutengenezwa," bibi akasema, akapita.

Baada ya wiki tatu, Jumanne, alisimama kwenye foleni na gunia lake. Jicho la kushoto lilikuwa linaona mpaka mishono ya shati la Cornel, ambalo siku hiyo halikunyooka.

"Nimekuja kufuta ile hesabu, bibi," kijana akasema. "Naandika sifuri. Basi litapelekwa kwingine."

"Uliza kwanza."

Cornel akamgeukia Evarista. "Unakwenda wapi?"

"Kutupa taka. Gunia hulioni?"

"Halafu?" bibi akadakia.

"Halafu mjini, mtaa wa Kikuyu, kufua nguo za watu. Kwa miguu, kwani kuna nini kingine?"

Honi ikalia mara mbili. Magunia yakarushwa, lori likaondoka. Cornel akangoja watu warudi majumbani. Hawakurudi. Walikung'uta mikono, wakashika barabara ya mjini kwa miguu, na vumbi likawafuata. Bibi Dorkasi aliwaona wote, mmoja mmoja, hata wale waliokwishafika mbali.

"Haya," akamwambia Cornel. "Sasa hesabu."