Kipengele cha Kumrudisha

Siku ya kwenda kununua bima, Mama Vifungo alivaa viatu vyake vya kufunika, vile vinavyombana, kwa kuwa mumewe alisema ofisi ya bima si mahali pa kwenda na kandambili. Jina la Vifungo alipewa na mtaa. Alishona sare za shule, na hakuna mtoto aliyewahi kurudi nyumbani na kifungo kilichong'oka ikiwa kilitiwa na mkono wake. Mumewe aliitwa Fundi Saa, naye alikuwa fundi tangu zama ambazo mtu bila saa mkononi alijihisi uchi. Siku hizi kazi yake ilikuwa kubadilisha betri na kununa akiona watu wanatazama saa kwenye simu.

Fundi Saa alikuwa anasafiri, na hakuwa anakwenda kutembea. Alikuwa anakwenda kuliona kaburi la mtoto wao wa pekee. Kijana alifia ugenini kwa homa ya mapafu, huko alikokuwa akifanya kazi kwenye ghala la kugandisha vyakula, akazikwa hukohuko, maana gharama za kumsafirisha ziliwashinda wenzake na zikawashinda wazazi wake zaidi. Wote wawili waliomba viza. Ubalozi ulimkubali baba, ukamkatalia mama, na sababu hawakuitaja. Sasa ilibaki bima tu. Bila kuionyesha, viza isingegongwa kwenye pasipoti ya mzee.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mambo ya siku ile hayaeleweki. Nyumba ile walikuwa watu wa kuogopa uchuro. Mtu akiwa na safari, hasemi kitu kuhusu ajali, ugonjwa wala mauti. Hata redio huzimwa ikianza kutangaza vifo. Kijana alipokuwa anajiandaa kuondoka, kuna mtu wa bima alikuja mpaka sebuleni, akatandaza makaratasi yake mezani, akafika mahali pa "kurudisha mwili nyumbani". Weee! Shangazi wa kijana alisimama. Fundi Saa aliziba masikio. Mama Vifungo mwenyewe alimtoa yule bwana mpaka mlangoni, huku akisema mwanawe anakwenda kutafuta maisha, hawezi kununuliwa jeneza kabla hajapanda ndege. Kijana alicheka mpaka akashika mbavu, na akaondoka bila bima ya aina yoyote. Wote walikubaliana siku ile, na wote waliona wamefanya jambo la maana.

Ndiyo maana msiba wa kijana ulikuwa msiba wa ajabu. Watu walikuja, wakakaa, wakalia, na macho yao yakawa yanakwenda mlangoni kana kwamba kuna kitu hakijaletwa. Hakikuletwa. Mama Vifungo hakumwosha mtu wala kumfunika, na hakuona udongo ukitupwa. Chai ilipokwisha watu walikunja mikeka wakaenda zao, naye akabaki hajui aelekeze wapi uso wake anapotaka kumlilia mwanawe.

Basi wakaingia ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye baridi ya kiyoyozi, meza mbili, na mashine ya kutolea kopi iliyobandikwa karatasi ya "mbovu". Ukutani palikuwa na picha ya wazee wawili wanaokimbia ufukweni, meno yote kinywani, kana kwamba bima ndiyo iliyoyaotesha. Wakala alikuwa msichana mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Karibuni, kaeni."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Fundi Saa, akaketi wima kabisa, kofia juu ya magoti.

Msichana akauliza umri, akauliza kuhusu presha, akauliza kama moyo umewahi kumsumbua. Mzee alijibu yote bila kuficha. Ndiyo, presha anayo, dawa anameza, na moyo nao daktari aliuwekea alama ya kuuliza, ila amemruhusu kusafiri. Mama Vifungo alimtazama kwa mshangao. Miaka yote ukimuuliza habari za moyo wake anakwambia yuko ngangari.

"Sawa," alisema wakala. "Sasa, wanachotaka ubalozi ni matibabu tu, ukiugua huko. Hicho ni lazima. Kuna vya hiari: mizigo kupotea, safari kuahirishwa, na hiki cha mwisho." Akapunguza sauti kidogo, maana alishajua watu wanavyokipokea. "Samahani mzee, naomba msinielewe vibaya. Likitokea la kutokea, tunamrudisha msafiri nyumbani kwa gharama zetu. Kwa umri wako mimi ningekushauri ukichukue."

Mama Vifungo alijiandaa kwa ajili ya neno uchuro. Halikuja. Na yeye mwenyewe, ajabu, hakulisikia moyoni. Alijikuta anatikisa kichwa kukubali kabla hata hajaulizwa.

"Hicho kitoe," alisema Fundi Saa.

"Mzee, bei yake si kubwa sana..."

"Si bei, mwanangu. Kitoe tu."

"Baba," alisema Mama Vifungo, "safari hii tusiogope maneno. Tuliogopa ile, umeona."

"Siogopi maneno." Mzee aliigeuza kofia magotini. "Nataka wasinirudishe."

Wakala akaanza kutafuta kitu kwenye droo, na ilikuwa dhahiri hakuna anachokitafuta.

"Mimi siendi kufa," mzee akaendelea, taratibu, kama anavyozungumza akiwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. "Nakwenda kumwona, nirudi. Lakini kama imeandikwa nimalizie huko, basi wasihangaike. Yeye walishindwa kumleta wakamzika, na mimi washindwe wanizike. Yule mtoto amelala kwenye baridi, kati ya watu asiowajua. Hakuna hata mmoja wa kwao. Nikiwa pale atakuwa na mtu."

"Na mimi je?"

Mzee alianza kupangusa vumbi kwenye kofia.

"Nakuuliza, baba. Na mimi nitakuwa na nani?"

"Wewe una dada zako. Una majirani. Una cherehani yako."

Cherehani! Mama Vifungo alishindwa hata kugomba. Ameishi na mtu huyu tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, amelea mtoto pamoja naye, amemzika mtoto huyo pamoja naye, kama kule kunaitwa kuzika, na leo hii anaachiwa cherehani. Alimpenda sana mzee huyu, na kwa dakika ile alimchukia pia, na machozi yaliyomtoka hakujua ni ya lipi kati ya hayo mawili.

Wakala, masikini, alikohoa. "Mzee, nitahitaji kopi ya pasipoti. Mashine yetu ndiyo hiyo, imekufa. Duka la pili kutoka hapa wanatoa."

Fundi Saa alinyanyuka upesi, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Akavaa kofia, akatoka.

Mama Vifungo alifuta macho kwa upande wa mtandio. Alitazama mlango uliofungwa, akamtazama msichana.

"Mwanangu, anayenunua lazima awe anayesafiri?"

"Hapana, mama. Hata mtoto humnunulia mzazi. Mke humnunulia mume."

"Na hicho kipengele, nikilipa mimi, kitaingia?"

Msichana alielewa papo hapo. Aliichomoa kalamu kwenye nywele, akaishika bila kuandika. "Kitaingia. Lakini mama, mzee amesema hataki. Mwenyewe amesema mbele yangu."

"Amesema. Nimemsikia."

"Mimi akiniuliza, siwezi kumdanganya."

"Hatakuuliza wewe. Ataniuliza mimi."

Alisema hivyo, kisha ujasiri ukamwishia. Alikaa ameshika tama. Aliyoyasema mumewe yalikuwa ya kweli, na hicho ndicho kilichomuumiza. Mtoto alikuwa peke yake. Ni yeye, mama mtu, aliyemfungulia mtu wa bima mlango na kumwambia pita hivi. Je, leo amnyang'anye mtoto hata baba? Mara ngapi ameamka akisikia baridi ya huko mgongoni mwake, akajifunika, akajiona mchoyo kwa kujifunika? Kama angepewa viza yeye, angehitaji hata kuulizwa? Angesema maneno yaleyale, neno kwa neno, na mzee ndiye angekuwa analia kwenye kiti hiki.

Lakini hakupewa. Aliyebaki ni yeye. Akawaona tena wale watu msibani wakitazama mlango. Akajiona mwenyewe, mara ya pili, anaandaa chai kwa ajili ya waombolezaji ambao hawana pa kwenda baada ya chai. Hapana. Hilo lilimshinda. Mtu mwingine huenda angeliweza, mwenye moyo mpana kuliko wake. Yeye alitaka mmoja. Wawili aliowapenda duniani, apewe mmoja tu wa kumwosha, wa kumfunika, wa kujua alipo.

"Kiingize," alisema.

"Mama, una hakika?"

"Sina. Kiingize kabla hajarudi."

Alitoa pesa zake za kushona, alizokuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, akazisukuma mezani bila kuzitazama. Msichana alibonyeza kompyuta, akabonyeza, printa ikaanza kutema karatasi. Ya kumpa msafiri ilikuwa na habari za matibabu na namba za kupiga. Yenye vipengele vyote hubaki na mtu wa nyumbani. Mama Vifungo akaikunja ile yake, akaitia mkobani.

Mlango ukafunguliwa. Fundi Saa aliweka kopi mezani, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe. Hakumtazama wakala. Alimwinamia mkewe, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba:

"Wamekitoa?"

"Wamekitoa," alisema Mama Vifungo.

Msichana aliinamisha kichwa, akagonga mihuri.

Nje jua lilikuwa kali. Waliambaa na ukuta wa maduka, wakitafuta kivuli, na mzee alikuwa anatembea kwa hatua nyepesi ambazo mkewe hakuwa ameziona tangu habari ile mbaya iingie nyumbani. Akaanza kuongea. Aliongea habari za mtoto, yeye ambaye mwaka mzima jina hilo halikumtoka. Jinsi alivyofungua saa ya ukutani ya babu yake akashindwa kuifunga. Jinsi alivyokuwa akilala miguu juu ya mto na kichwa chini. Alicheka, kisha sauti ikakatika, kisha akacheka tena.

"Unajua, nilikuwa naogopa kukwambia," alisema. "Tangu ubalozi wanikubali nimekaa nalo hapa kifuani, usiku silali. Nikasema nitamvunja moyo mama wa watu. Lakini ndani nilijua. Nilijua utanielewa."

"Twende pole pole," alisema Mama Vifungo. "Viatu vinanibana."

Akapunguza mwendo kwa ajili yake. Mama Vifungo alitembea na mkoba ameubana kwapani, na kila alipotazamwa kwa shukrani aliona haya, akageuza uso upande wa maduka. Kama mzee huyu atarudi salama, alijiambia, nitamwonyesha karatasi siku hiyohiyo, kabla hata hajavua viatu. Agombe. Anune mwezi mzima, asile chakula changu, aniite mwongo mbele ya dada zangu. Na kama ataletwa, basi nitakuwa nimepata nilichokitaka, na sitakuwa na mtu wa kumwomba msamaha. Akamwomba Mungu hapo hapo barabarani, midomo ikitikisika, amrudishe kwa miguu yake, aje amgombeze.