Kemunto Aachilia Mpira

Kemunto, muuguzi Mkenya aliyeishi Bani Malik mjini Jeddah, alikuwa amecheza raga ya watu kumi na watatu kwa miaka sita. Katika mchezo huo, ukiangushwa unasimama na mpira wako huku wapinzani wakirudi nyuma. Lakini timu ya wanawake aliyoikuta Jeddah ilicheza ile ya watu kumi na watano, ambako ukianguka lazima uuachilie mpira papo hapo, maana kila mtu anauvamia.

Kwa miezi mitatu alishindwa. Kila alipoangushwa aliukumbatia mpira, na refa akampa adhabu.

"Dada, ukianguka, halas, imekwisha, mpira si wako tena," nahodha wao, Jael, alimwambia.

Kemunto akaanza kufikiria kuacha raga kabisa.

Kisha wakasafiri kwenda Riyadh kucheza na timu ya huko. Dakika ya mwisho walikuwa wakiongoza kwa alama mbili, na Kemunto akaangushwa karibu na mstari wao wa goli. Miguu ilitaka kusimama. Akajizuia, akausukuma mpira nyuma, akalala palepale akingoja filimbi.

Filimbi ya adhabu haikulia. Alisikia wenzake wakipita juu yake, kisha, muda ulipokwisha, Jael akaupiga mpira nje ya uwanja na mechi ikaisha.

"Umeniona?" Kemunto aliuliza, bado yuko chini.

"Nimekuona. Amka basi tukanywe maji."

"Ngoja kidogo," alisema, akashusha pumzi ndefu. Nyasi zilikuwa na joto, mabega yamemlegea, na hakuwa na haraka ya kwenda popote.