Kochi Katika Kitabu cha Moto

Juma moja baada ya moto wa jikoni kurukia paa na kuila nyumba yake yote, Rogathe aliketi mbele ya wanachama wenzake kwenye uwanja wa kanisa, akingoja kuulizwa. Kutoka pale mlimani mashamba ya mpunga ya Ndungu yalionekana chini kabisa, kijani kibichi, lakini yeye alikuwa akitazama vidole vya miguu yake tu.

Chama cha Moto kilianzishwa na babu zao. Nyumba ya mwanachama ikiungua, wote hutoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja, kuijenga upya, kisha vyombo vilivyoteketea hurudishwa kimoja kimoja kwa michango yao. Ila kila chombo lazima kitajwe hadharani, na apatikane mtu wa nje ya nyumba hiyo aliyekiona kwa macho yake.

Paschal, katibu wa chama, alikuja na vitabu vyote tangu kile cha kwanza, vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kama ilivyo desturi, alifungua cha zamani akasoma mistari michache, watu wakumbuke namna inavyoandikwa.

"Mtungi wa pombe ya dengelua, mmoja. Ameshuhudia Mzee Vitus, aliyeumaliza."

Watu wakacheka. Rogathe hakucheka.

"Haya, mama Zebedayo. Sebuleni kulikuwa na nini?"

Hapo ndipo alipokuwa akipaogopa. Zebedayo, mwanawe wa pekee, anauza samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na miaka nenda miaka rudi mama mtu alikuwa akiwasimulia watu vitu anavyoletewa. Wageni aliwakaribisha uani, mlango umerudishwa. Hata Eliakunda, jirani yake, aliwahi kuja mvua inanyesha akaambiwa abaki pale upenuni, maana miguu yake ya shambani itachafua kochi. Kumbe mle ndani palikuwa na kigoda, mkeka na debe la maji. Zebedayo hakuwa ameleta hata kijiko. Akisema kweli leo, mwanawe ataanikwa mbele ya kijiji kizima.

"Kochi," alisema. "Seti nzima. Alinunua Zebedayo."

"Nani aliliona?"

Mtu akakohoa. Wengi wao ndio waliopekua yale majivu, na hawakukuta hata msumari wa kochi.

"Mimi," alisema Eliakunda, akiinuka taratibu huku ameshika kiuno. "Nililiona. Nililikalia pia. Linabonyea vizuri."

Rogathe alihisi masikio yanachoma. Eliakunda huyu ni mzee wa kanisa. Hakuna aliyewahi kumsikia akidanganya, hata uongo mdogo wa kupatanisha wagombanao. Paschal akaandika, akamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Dole likagusa wino.

"Usiweke," Rogathe alisema. "Lifutwe hilo."

"Humu hatufuti, mama. Tunapiga mstari, tunaandika na sababu."

"Andika macho yangu mabovu," Eliakunda akadakia. "Nimechanganya na kochi la mchungaji. Uzee huu, mwanangu, utaniumbua."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Njia ilikuwa imefunguliwa. Ilimtosha Rogathe kunyamaza. Na kweli alinyamaza, kitambo kirefu kuliko alivyotaka.

"Macho yake mazima," alisema mwishowe. "Andika halikuwepo. Zebedayo hajaniletea kitu. Nililitamani tu."

Paschal akapiga mstari, akaandika polepole, kila mtu akisikia kalamu inavyokwaruza karatasi.

"Kinachofuata?"

"Kigoda," alisema. "Kimoja."

"Nani alikiona?"

Mikono ikapanda. Wa Eliakunda, ya wanawake wa kwaya, ya wazee waliokaa ukutani, hata wa Fortunata muuza tangawizi ambaye hupita pale njiani tu na kapu lake. Hakuna aliyesita.

Ndipo Rogathe alipotambua. Kigoda, mkeka, debe, vyote walikuwa wanavijua, labda kwa ule ufa wa dirisha, labda tangu lini huko. Walikaa uani kwake, wakanywa chai yake, wakamsifia kochi, wakaenda zao.

"Mko wengi," Paschal alisema. "Niandike jina la nani?"

Aligeuka amuulize mwenye nyumba. Rogathe alikuwa amejifunika uso kwa viganja.